Mtafuteni Mama: Nasaba na Undugu katika Magenge ya Wasisilia wa Marekani

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkusanyiko wa wapenzi wa historia na nasaba. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Picha na michoro iliyoonyeshwa ukumbini imeachwa.)

Waheshimiwa wazee, mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa historia,

Nimeombwa nizungumze juu ya magenge ya Wasisilia wa Marekani, yale ambayo dunia nzima inayaita Mafia. Nimechagua kuyaendea kwa njia isiyoanzia kwenye bastola wala kizimbani, bali kwenye madaftari ya vizazi, ndoa na vifo. Nimeichagua njia hiyo kwa sababu historia ya watu hawa imeandikwa kwa muda mrefu kwa kufuata majina ya wanaume peke yake, na anayefuata majina ya wanaume peke yake huona vipande vya mambo asiuone mwili mzima. Tukitaka kujua nani alimpokea nani ugenini, nani alimrithi nani, na nani alimuua nani kwa kisasi cha nani, yatupasa kumtafuta mama. Yatupasa kumtafuta mama, mke na dada, kwa maana hao ndio waliozishikanisha koo hizi.

Je, inawezekana kumpata mama aliyeishi katika kijiji cha milimani zaidi ya miaka 150 iliyopita? Inawezekana, na kwa Sisilia, kisiwa cha Italia, inawezekana kuliko sehemu nyingi za dunia. Serikali ya ufalme uliotawala kisiwa hicho ilianza kuandikisha raia wake mwaka 1820, na tangu hapo kila mtoto aliyezaliwa aliandikwa mbele ya ofisa wa mji. Hebu tuisogelee hati moja ya namna hiyo. Baba, au mkunga, anafika mbele ya ofisa. Anatajwa jina lake, umri wake, kazi yake, ambayo mara nyingi ni mkulima au kibarua wa mashambani, na mtaa anaokaa. Kisha anatajwa mama wa mtoto, kwa jina lake mwenyewe la ukoo alikozaliwa, wala si kwa jina la mumewe. Mashahidi wawili wanatajwa nao. Mwishoni karani anaandika kwamba mtoa taarifa hakutia sahihi kwa kuwa hajui kuandika. Miaka ishirini au thelathini baadaye karani mwingine anarudi kwenye ukurasa ule ule, na pembeni, kwa wino mwingine, anaongeza kwamba mtoto huyu amefunga ndoa, na nani, lini na wapi.

Hati za ndoa ni tajiri zaidi. Watu wawili walipotaka kuoana, ofisi ilidai nakala za kuzaliwa kwao, na kama mzazi wa mmoja wao alikuwa amefariki, ilidai hati ya kifo chake. Na baba akiwa amefariki, mara nyingi ilidaiwa hata ya babu. Faili moja la harusi laweza, basi, kukupa vizazi vitatu kwa mkupuo. Nawasihi wote wanaoanza kazi hii: msikimbilie hati ya kuzaliwa ya mhalifu mashuhuri mkaishia hapo. Anzeni na faili la ndoa ya wazazi wake.

Na kwa nini ninasisitiza jina la mama? Kwa sababu ya desturi ya majina. Kwa mila ya Sisilia, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huchukua la bibi mzaa baba, na wa pili la bibi mzaa mama. Wengi wenu humu ukumbini mmepewa majina ya babu na bibi zenu, kwa hiyo mnayajua matokeo yake. Mzee mwenye watoto watano wa kiume aweza kupata wajukuu watano wenye jina moja la kwanza na jina moja la ukoo, wote wakikaa katika mji mmoja na umri wao ukikaribiana. Mmoja amekuwa kinyozi, mmoja mchungaji wa kondoo, mmoja ameghushi noti. Utawatenganishaje? Kwa jina la baba? Hao ni ndugu watano waliokaa nyumba za jirani, na baadhi yao wamebeba majina yanayojirudia katika ukoo mzima. Utawatenganisha kwa jina la mama.

Mfano wake ni Ignazio Lupo, aliyezaliwa Palermo mwaka 1877 na baadaye akatisha mitaa ya Waitalia mjini New York. Kwa miaka mingi waandishi wamemwita Ignazio Saietta, wakidhani kwamba Lupo, neno lenye maana ya mbwamwitu, ni jina la utani alilopewa kwa ukatili wake. Hati zinasema vingine kabisa. Baba yake aliitwa Rocco Lupo, na mama yake Onofria Saietta. Lupo lilikuwa jina halali la ukoo wake, na Saietta lilikuwa la mama. Nani angelitambua hilo bila kuisoma hati ya mama yake?

Sasa twende Corleone, mji wa milimani katika jimbo la Palermo, kwa maana hapo ndipo nasaba ninayotaka tukae nayo zaidi ilipoanzia. Mwaka 1867 alizaliwa Giuseppe Morello, mwana wa Calogero Morello na Angelina Piazza, mtoto mwenye mkono mmoja wenye kilema. Baba yake alifariki Giuseppe akiwa bado mdogo. Mwaka 1873 mama yake, Angelina, aliolewa tena, na mume wake wa pili akawa Bernardo Terranova. Katika ndoa hiyo ya pili walizaliwa mabinti, na wavulana watatu: Vincenzo, Ciro na Nicolò. Giuseppe aliondoka Corleone mwanzoni mwa miaka ya 1890, akiandamwa na tuhuma za mauaji na za kughushi noti, na familia ikamfuata Marekani. Walipita kwanza kwenye mashamba ya Louisiana na Texas, kisha wakarudi New York.

Tazameni jinsi jambo hili linavyofunguka. Ukifuata majina ya baba, una Morello upande mmoja na Terranova upande mwingine, koo mbili zisizohusiana. Ukimfuata Angelina Piazza, una nyumba moja. Giuseppe ndiye kaka mkubwa, na wale watatu ni wadogo zake wa mama mmoja waliokulia mikononi mwake. Mwaka 1903 dada yao mmoja, Salvatrice Terranova, aliolewa na Ignazio Lupo, yule yule tuliyemtaja punde, na Lupo akawa shemeji wa wote wanne. Kwa tumbo la mama mmoja na kwa ndoa ya binti mmoja, mnalo genge zima la kwanza la Wasisilia lililopata nguvu kubwa New York. Mwaka 1910 Morello na Lupo walihukumiwa kwa kughushi noti, mmoja miaka 25 na mwingine 30, na hatimaye wadogo wa Terranova ndio waliolishikilia genge. Nicolò alipouawa Brooklyn mwaka 1916, magazeti yalimwandika kwa jina la Nicholas Morello. Hakuwa Morello hata kidogo; alikuwa mwana wa Bernardo Terranova. Kosa hilo limenakiliwa vizazi na vizazi. Na mtoto wa kiume wa Giuseppe, kijana aliyepigwa risasi mwaka 1912, aliitwa nani? Aliitwa Calogero, kama babu yake aliyebaki kaburini Corleone. Mila haikukatika kwa kuvuka bahari.

Ndugu zangu, huenda mtu akauliza: je, undugu huu ni wa kuandika kwenye karatasi tu, au ulikuwa na uzito katika maisha yao? Namjibu kwa kisa cha pipa. Asubuhi ya tarehe 14 Aprili 1903, katika mtaa wa mashariki wa New York, lilikutwa pipa lililoachwa kando ya njia, na ndani yake mwili wa mwanamume uliokunjwa, koo limekatwa. Hakuna aliyemjua. Mpelelezi Joseph Petrosino, mhamiaji wa Kiitalia kutoka Padula, alifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kazi ya nasaba kabla ya kuwa kazi ya polisi: alichukua picha ya marehemu akaenda nayo gereza la Sing Sing, kwa mfungwa Giuseppe De Priemo, aliyefungwa kwa kusambaza noti bandia za kundi lile lile la Morello. De Priemo aliitazama picha akamtambua mara moja. Alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, Benedetto Madonia wa Buffalo. Inaaminika kwamba Madonia alikuwa amekuja New York kudai fedha zilizomhusu shemeji yake aliyefungwa, na madai hayo ndiyo yaliyomponza. Kisha ikapatikana tiketi ya rehani mfukoni mwa mmoja wa watu wa Morello. Ilikuwa ya saa ya marehemu, na aliyeitambua saa hiyo alikuwa mtoto wa kambo wa Madonia, kijana mwenye jina jingine kabisa la ukoo.

Oneni: aliyetajwa kuwa chanzo cha safari alikuwa shemeji, aliyemtambua marehemu alikuwa shemeji, aliyeitambua saa alikuwa mtoto wa kambo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na jina la Madonia. Kesi ile haikufika popote, kwa kuwa mashahidi waliogopa kusema, na Petrosino mwenyewe aliuawa Palermo tarehe 12 Machi 1909, alipokuwa amekwenda kukusanya huko Sisilia kumbukumbu za wahalifu waliohamia Marekani. Alikuwa ameelewa mapema kuliko wengi kwamba majibu ya New York yalilala katika ofisi za kule.

Jambo la pili ninalotaka kuwaeleza ni ndoa. Yale niliyoyasema juu ya Corleone yalikuwa, kwa sehemu, majaliwa ya familia moja: mama alifiwa, akaolewa tena. Lakini kadiri karne iliyopita ilivyosonga, ndoa zilizounganisha nyumba za viongozi zilizidi kuongezeka, na kila mtu alizitambua kuwa ni mahusiano ya nyumba kwa nyumba.

Joseph Profaci, kiongozi wa genge la Brooklyn, aliyezaliwa Villabate karibu na Palermo, alimwoa Ninfa Magliocco. Profaci alipofariki mwaka 1962, aliyeshika nafasi yake Brooklyn alikuwa Joseph Magliocco, kaka wa Ninfa. Mpwa wa Profaci, binti wa ndugu yake, aliolewa mwaka 1956 na mwana wa Joseph Bonanno, kiongozi aliyetoka Castellammare del Golfo, mji wa Sisilia. Binti wawili wa Profaci mwenyewe waliolewa Detroit, mmoja nyumba ya Zerilli na mwingine nyumba ya Tocco. Na hizo nyumba mbili za Detroit? Zilikuwa tayari ni moja, kwa sababu William Tocco alikuwa amemwoa dada wa Joseph Zerilli, na wote wawili asili yao ni Terrasini, huko huko Sisilia. Kwa hiyo mabinti wawili wa Brooklyn walioana na vijana wawili waliokuwa mabinamu. Ongezeni kwamba Bonanno alikuwa na undugu wa damu na Stefano Magaddino, kiongozi wa Buffalo, mzaliwa mwenzake wa Castellammare, na mtaona kwamba mtu aliweza kusafiri kutoka Brooklyn hadi Buffalo hadi Detroit akilala kila usiku kwa ndugu au kwa mkwe. Tarehe 14 Novemba 1957, polisi wa jimbo la New York walipowakurupusha wakuu wa magenge waliokusanyika kijijini Apalachin, nyumbani kwa Joseph Barbara, naye mzaliwa wa Castellammare, walishangazwa na wingi wa waliokuja kutoka miji iliyo mbali mbali. Aliyekuwa na mti wa ukoo mkononi asingeshangaa sana.

Hata hivyo nasema kwa uangalifu: undugu haukuleta amani. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Oktoba 1964 Bonanno alitoweka New York, na baadaye akaeleza kwamba waliomteka walikuwa watu wa Magaddino, ndugu yake huyo huyo wa Buffalo. Na kisa cha Carlo Gambino, mkuu wa genge la New York, kina mafunzo makubwa zaidi.

Gambino alizaliwa Palermo mwaka 1902, na mama yake alikuwa wa ukoo wa Castellano. Inaelezwa kwamba alifika Marekani mwaka 1921 kwa kujificha melini, na akapokewa na watu wa mama yake. Baadaye alimwoa Catherine Castellano, binamu yake. Kaka wa Catherine alikuwa Paul Castellano, ambaye kwa hiyo alikuwa kwa Gambino binamu na shemeji kwa wakati mmoja. Mwana wa Gambino naye alimwoa binti wa Tommy Lucchese, mkuu wa genge jingine. Gambino alipofariki Oktoba 1976, alikuwa amekwisha kumchagua Paul amrithi, akimpita naibu wake wa miaka mingi, Aniello Dellacroce, ambaye wengi mitaani walimtazamia. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Bila shaka ndivyo Gambino alivyowaza. Lakini kinyongo cha uteuzi ule kilikaa miaka tisa. Dellacroce alifariki kwa maradhi mwanzoni mwa Desemba 1985, na tarehe 16 ya mwezi huo huo Paul Castellano alipigwa risasi mbele ya hoteli ya chakula mjini Manhattan, kwa amri ya John Gotti, mtu wa Dellacroce. Gotti asili yake ni upande wa Napoli. Hakuwa na tone la damu ya Castellano wala ya Gambino, na aliliongoza genge lililoendelea kuitwa la Gambino. Kwa maoni yangu, atakayeieleza risasi ile bila kumtaja Catherine Castellano na mama mkwe wake hajaieleza.

Napenda mzingatie hilo la Napoli, maana linasahauliwa. Si kila jambazi Mwitaliano wa Marekani alikuwa Msisilia. Wazazi wa Al Capone walitoka Angri, katika eneo la Campania. Vito Genovese naye alitoka Campania. Frank Costello alizaliwa Calabria. Wote walifanya kazi na Wasisilia, lakini ukitafuta mama zao katika madaftari ya Palermo utapoteza umri wako bure.

Sasa nakuja kwenye jambo la tatu, ambalo nalitaka lisikike kuliko mengine yote. Undugu hutuonyesha njia. Undugu si ushahidi wa hatia. Mti wa ukoo hauhukumu mtu. Nasema tena: mti wa ukoo hauhukumu mtu.

Mnajua yaliyotokea New Orleans? Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1890 mkuu wa polisi wa mji ule, David Hennessy, alipigwa risasi, akafa siku iliyofuata. Wakati huo nyumba mbili za Kisisilia, Provenzano na Matranga, ziligombania kazi ya kupakua matunda bandarini. Watu wa asili ya Sisilia walikamatwa kwa wingi, na tisa wakapandishwa kizimbani. Tarehe 13 Machi 1891 mahakama haikumtia hatiani hata mmoja: sita walionekana hawana hatia, na kwa watatu hapakupatikana makubaliano. Asubuhi yake umati ulivunja gereza ukaua watu 11, na watano kati yao walikuwa hata hawajapandishwa kizimbani. Walikufa kwa sababu ya walikotoka na jina walilobeba. Italia ilimwita nyumbani balozi wake, Marekani ililipa fidia, na mwaka 2019 meya wa New Orleans aliomba radhi kwa niaba ya mji. Kila ninapochora mstari kutoka jina moja kwenda jingine, nawakumbuka watu hao 11. Ndiyo maana sikuwatajia leo majina ya mabinti wa Profaci wala ya wajukuu wa mtu yeyote. Aliye hai na asiye na kosa mahakamani hana mahali katika uchunguzi wetu.

Na kama mnataka kuona jinsi damu isivyomfunga mtu, twende Cinisi, mji mdogo wa pwani magharibi ya Palermo. Luigi Impastato alikuwa mtu wa Mafia. Dada yake aliolewa na Cesare Manzella, kiongozi wa Mafia mjini hapo, aliyewahi kuishi Marekani na aliyeuawa kwa gari lililotegwa bomu mwaka 1963. Nafasi yake Cinisi ilishikwa na Gaetano Badalamenti, ambaye naye alikuwa na kaka Michigan, na ambaye baadaye alihukumiwa New York miaka 45 kwa biashara ya heroini iliyouzwa kupitia maduka ya piza. Kwa kanuni zote za nasaba, mtoto wa Luigi angekuwa nani? Mtoto huyo aliitwa Giuseppe, maarufu kwa jina la Peppino, na alizaliwa mwaka 1948. Alianzisha redio mjini mwake, na kwenye redio hiyo, kila juma, alimkejeli Badalamenti na kufichua biashara zake, huku mji mzima ukisikiliza. Baba yake alimfukuza nyumbani. Mwaka 1977 Luigi alikwenda Marekani kwa ndugu zake, na mkewe alisimulia baadaye kwamba huko alisema wauaji wa Peppino itabidi wamuue yeye kwanza. Luigi aligongwa na gari akafa mwezi Septemba mwaka huo huo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 1978 Peppino aliuawa, na mwili wake ukalipuliwa kwenye reli ili ionekane kwamba alikufa akitega bomu.

Mama yake aliitwa Felicia Bartolotta. Katika nyumba iliyozungukwa na Mafia kwa upande wa mume, wa wifi na wa jirani, mama huyu alikataa kisasi cha damu, akafungua mlango kwa waandishi na mahakimu, na kwa zaidi ya miaka 20 alidai kesi. Mwaka 2000 alisimama mbele ya mahakama akamtaja Badalamenti kuwa ndiye aliyemuua mwanawe. Badalamenti alifuatilia kesi kwa video kutoka gereza la Marekani, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2002, na akafia gerezani huko huko mwaka 2004.

Mmoja wenu aliniuliza kabla ya kikao: katika mti wa ukoo wa Cinisi, Peppino aandikwe wapi? Aandikwe pale hati zinapomweka: mwana wa Luigi, mpwa wa mke wa Manzella, mwana wa Felicia Bartolotta. Undugu wote uandikwe, hata ule unaoumiza, na kando ya kila jina yaandikwe aliyoyatenda mwenye jina, na hati iliyothibitisha.

Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Sasa niko tayari kwa maswali yenu.